Mazoezi Salama kwa Mtoto Aliyepasuliwa Uti wa Mgongo

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukitusikiliza. Na kama jirani yako ana mtoto mwenye shida ya mgongo, mwite aje asikilize pia. Leo tunazungumza juu ya mtoto aliyepasuliwa ili kunyooshwa uti wa mgongo, na jinsi anavyopaswa kufanya mazoezi akisharudi nyumbani.

Kwanza tuelewane. Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kama shanga kwenye uzi. Kwa watoto wengine uti huo hupinda upande mmoja na kujisokota, ukawa kama herufi S au C. Madaktari huita hali hiyo skoliosi. Si sawa na kibiongo, ambacho hufanya mgongo utokeze kwa nyuma, na ambacho mara nyingine huletwa na kifua kikuu cha mifupa. Skoliosi huonekana sana mtoto anaporefuka haraka, kuanzia umri wa miaka 10 hivi. Utaona bega moja liko juu kuliko lingine, au akiinama mbavu za upande mmoja zinatokeza. Kwa watoto wengi sababu yake haijulikani. Hukuileta wewe mama kwa kumbeba vibaya alipokuwa mchanga. Haikuletwa na mkoba wa shule, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho.

Upinde ukiwa mdogo, daktari huufuatilia tu au humvisha mtoto mshipi mgumu wa kushika kiwiliwili. Ukifika digrii 45 au 50 kwenye eksirei, na hasa kama mtoto bado anakua, mara nyingi upasuaji hushauriwa.

Sasa, ndani ya chumba cha upasuaji hufanyika nini? Daktari hutia skrubu kwenye pingili zilizopinda. Skrubu hizo hushikwa na vyuma viwili virefu, na kwa vyuma hivyo mgongo hunyooshwa kadiri inavyowezekana. Kisha vipande vidogo vya mfupa huwekwa juu ya pingili hizo ili zishikane na kuwa kitu kimoja.

Hapa sikiliza vizuri, mama, kwa sababu mengine yote tutakayosema leo yanatoka hapa. Kitakachoushikilia mgongo wa mtoto wako maisha yake yote ni mfupa ulioshikana, si chuma. Umewahi kuona mafundi wakimwaga simiti ya slabu? Huweka mbao na nguzo chini ili zishikilie mpaka simiti ikauke. Vyuma vya mgongoni ndizo hizo mbao. Mfupa nao huchukua kati ya miezi 6 na 12 kushikana sawasawa, na kwa wengine zaidi. Usiposhikana, chuma kitabaki kikibeba mzigo peke yake siku baada ya siku. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mara nyingi. Hata uwe mgumu vipi, mwishowe utakatika. Na chuma cha mgongoni kikikatika, huenda mtoto akarudishwa kupasuliwa mara ya pili.

Tuchukue mfano. Tumwite mtoto wetu Mwende, msichana wa miaka 14, anayeishi na mama yake na nyanya yake mashambani huko Kitui. Ni mtoto wa mfano tu, lakini nyumba kama hiyo unaijua.

Mwende anapotoka hospitalini, nyanya anasema, "Mtoto alale. Mtu aliyefungwa vyuma mgongoni atatembea vipi?" Nyanya hasemi hivyo kwa ubaya, na hata zamani maneno yake yalikuwa na msingi. Vyuma vya kwanza vya kunyoosha skoliosi vilivyotumika sana duniani vilitengenezwa na daktari Mmarekani, Paul Harrington, wa mji wa Houston, aliyevitangaza kwa madaktari wenzake mwaka 1962. Enzi hizo mgonjwa alifungwa plasta ya kiwiliwili kwa miezi mingi, na wengi walilazwa kitandani muda mrefu. Vyuma vya siku hizi vimeshikwa kwa skrubu nyingi na vina nguvu zaidi. Ndiyo maana wauguzi humkalisha mtoto kando ya kitanda, na mara nyingi kumsimamisha, siku moja au mbili tu baada ya upasuaji.

Kwa hiyo zoezi la kwanza, na lililo bora kuliko yote, ni kutembea. Mtoto asiyetembea mapafu yake hujaa makohozi, tumbo hufunga, misuli hulegea, na damu inaweza kuganda kwenye miguu. Aanze na dakika tano, mara kadhaa kwa siku, kwenye uwanja ulio sawa. Kila baada ya siku chache aongeze dakika. Wengi hufikia nusu saa kwa siku kabla ya wiki ya sita kuisha. Avae viatu vilivyofungwa, si malapa, na mvua ikinyesha na njia iwe telezi, atembee ndani ya nyumba au barazani. Kama kesho yake asubuhi maumivu yamezidi ya jana, alizidisha. Apunguze kidogo, lakini asiache.

Akiwa kitandani pia ana kazi. Avute pumzi ndefu, aishikilie kidogo, aiachilie polepole, mara kumi kila saa akiwa macho. Achezeshe nyayo juu na chini kama anayekanyaga cherehani. Akaze mapaja, alegeze. Ni mazoezi ambayo hata mdogo wake anaweza kumhesabia.

Kuinuka kitandani kuna utaratibu wake, na hapa wengi hukosea kwa huruma. Usimvute mikono akiwa amelala chali. Kwanza akunje magoti, kisha ageuke ubavu mzima mzima, mabega na nyonga pamoja, kama gogo linalobingirishwa. Halafu ateremshe miguu kando ya kitanda huku akijisukuma juu kwa mkono. Godoro lililobonyea katikati kama beseni halimfai. Kama ndilo mlilo nalo, weka mbao chini yake.

Mambo matatu asiyafanye katika miezi ya kwanza: kuinama kwa mgongo, kunyanyua vizito, na kujisokota. Maneno hayo atayasikia hospitalini, lakini hospitalini hakuna shimo la choo wala ufagio mfupi. Tuyapeleke nyumbani.

Tuanze na choo, kwa sababu watu huona haya kukiuliza. Wengi wetu tunatumia choo cha shimo, na kuchuchumaa hadi chini hukunja mgongo wa chini na huumiza sana wiki za mwanzo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu. Kisiwe kifupi, na kisitikisike. Agiza kiti hicho kabla mtoto hajaenda hospitalini, si siku anaporudi. Tena mpe matunda, mboga na maji ya kutosha, maana dawa kali za maumivu hufunga tumbo, na kujikamua chooni kunaumiza mgongo.

Kufagia kwa ufagio mfupi, kupiga deki, kufua kwenye beseni lililo chini, kupalilia: hayo yote ni kuinama. Ayaache kabisa kwa sasa. Baada ya wiki kadhaa anaweza kusaidia kazi za kusimama au kukaa mezani, kama kuchambua mboga, kukanda unga, kuosha vyombo ikiwa beseni limewekwa juu ya meza. Kusukwa nywele akiwa amekaa chini katikati ya magoti ya msusi kwa saa tatu, nako kusubiri. Asukwe akiwa kwenye kiti, na ainuke atembee kila nusu saa. Wale wanaosali kwa kusujudu wanaweza kusali wakiwa wamekaa kwenye kiti, kwani mgonjwa ana ruhusa.

Kuhusu vizito, pima kwa vitu vya nyumbani. Miezi ya kwanza, madaktari wengi hawataki mtoto anyanyue zaidi ya kilo 2 au 3. Pakiti moja ya unga wa ugali ni kilo 2, basi hapo ndipo mwisho wake. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20 za maji, achilia mbali uzito wa mtungi wenyewe. Hiyo ni pakiti kumi za unga kwa mpigo mmoja. Mtoto mchanga wa miezi sita ana kilo 7 hivi, kwa hiyo Mwende asimbebe mdogo wake mgongoni wala kiunoni.

Sasa tufike kwenye kipindi ambacho, kwa maoni yangu, ndicho cha hatari kuliko vyote. Si wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza kila mtu nyumbani anaogopa, na maumivu yenyewe yanamlinda mtoto. Hatari huja mwezi wa pili na wa tatu. Kidonda kimefunga, mtoto anacheka, amerefuka sentimita kadhaa kwa sababu mgongo umenyooka, na jirani wanamsifu. Haumwi. Ndipo mtu mmoja husema, "Si amepona huyu? Akateke maji." Mama, maumivu huisha kabla mfupa haujashikana. Kutoumwa si cheti cha kupona. Mtoto anaweza kunyanyua mtungi leo asisikie kitu, akarudia kesho na keshokutwa, na kule ndani skrubu ikawa inalegea kidogo kidogo.

Kwa hiyo swali la nani atateka maji ni swali la matibabu, nalo lijibiwe kabla ya upasuaji. Kaeni chini kama familia. Je, kaka yake atachukua zamu? Je, kuna punda? Baba anaweza kuleta mitungi miwili kwa baiskeli asubuhi? Na mseme kwa muda gani, kwa sababu mwezi mmoja hautoshi. Mhesabu nusu mwaka angalau, na mzigo mzito kama mtungi uliojaa au kuni usirudishwe mgongoni mpaka daktari aone eksirei na aseme ndiyo. Baadhi ya madaktari hukataza mizigo ya namna hiyo hadi mwaka mzima uishe. Nikiongea na kina baba wanaonisikia: mmetafuta pesa nyingi kwa ajili ya upasuaji huu, na si haki uharibiwe na lita 20 za maji.

Shuleni, watoto wengi hurudi kati ya wiki ya nne na ya sita, wakiwa na nguvu ya nusu siku kwanza. Nenda mwenyewe ukazungumze na mwalimu wa darasa na mwalimu wa michezo. Omba seti mbili za vitabu kama inawezekana, moja ibaki darasani, au mwenzake ambebee mkoba. Aruhusiwe kusimama na kutembea kila nusu saa. Asikae nyuma kabisa ya darasa kwenye benchi lisilo na egemeo. Na safari ya bodaboda, hapana. Mashimo na matuta ya barabara yanatosha kumrusha juu, na kuanguka hakupigi hodi. Kwenye matatu akae viti vya mbele, kwani nyuma ndiko kunakorusha sana. Safari ikiwa ndefu, mwombe dereva asimame ili mtoto anyooshe miguu.

Mwezi wa tatu hivi kuna kliniki na eksirei. Usiikose hata kama mtoto ni mzima. Hapo ndipo daktari hufungua mlango wa mazoezi zaidi. Wengi huruhusu kuogelea polepole, bila kupiga mbizi wala kuruka kutoka ukingoni, baiskeli kwenye barabara iliyo sawa, na kutembea kwa kasi. Mtaalamu wa fiziotherapia atamfundisha kukaza misuli ya tumbo na makalio bila kuukunja mgongo, na jinsi ya kuokota kitu kwa kukunja magoti na nyonga, kifua kikiwa kimenyooka. Hilo la mwisho atalitumia maisha yake yote, kwa sababu pingili zilizoshikana hazikunjiki tena. Zile pingili za juu na za chini ya vyuma ndizo zinazochukua kazi ya kuinama, na zikichoshwa huanza kuuma ukubwani.

Kuna mazoezi ambayo watoto huyaiga kwenye simu au kwa walimu wa michezo, na ambayo hayamfai katika kipindi hiki: kulala chali na kuinua kiwiliwili ili kupunguza tumbo, kugusa vidole vya miguu, kujisokota kulia na kushoto, na vijana wa kiume kunyanyua vyuma vya jimu. Wala asipelekwe kwa mkandaji. Mgongo huu haukandwi, hauvutwi, haubonyezwi kwa goti. Hata mafuta ya moto ayakose.

Kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, eksirei ikionyesha mfupa unashikana, hurudi kukimbia, kuruka kamba, kucheza ngoma, netiboli, na baadaye kandanda. Madaktari hawalingani hapa. Mmoja huruhusu mapema, mwingine husubiri mwaka mzima, kwa kutegemea pingili ngapi ziliunganishwa na mfupa ulikuwa imara kiasi gani. Usilinganishe mtoto wako na wa jirani. Mwombe daktari aliyempasua akuandikie kwenye karatasi kila mchezo na mwezi wake, umpe mwalimu nakala. Michezo ya kugongana na kuangushana kama raga na judo, pamoja na sarakasi, wapo madaktari wanaoikataza kabisa. Zile ngoma za Kikamba za kuruka na kupinduka hewani kwenye tamasha la muziki, Mwende awaachie wenzake. Anaweza kuimba, au kupiga ngoma.

Nimeshasema juu ya kosa la kumfanyisha kazi mapema. Lipo kosa la pili, nalo hutoka kwa mama mwenye upendo mwingi: mwaka umepita, daktari ameruhusu, lakini mtoto bado haruhusiwi kukimbia. Anakaa barazani akiwatazama wenzake, misuli inanyauka, anaanza kujiona kilema. Mgongo wenye misuli dhaifu huuma zaidi. Huko Marekani kuna mwanamke anayeitwa Stacy Lewis, mchezaji wa gofu. Alipasuliwa kwa ajili ya skoliosi mwaka 2003, akawekewa chuma kimoja na skrubu tano. Mnamo 2011 alishinda mojawapo ya mashindano makubwa ya wanawake, na mwaka 2013 akawa namba moja duniani katika mchezo ambao mtu huzungusha kiwiliwili kila anapopiga mpira. Si kila mtoto atafika huko, na hakuna anayemtaka Mwende acheze gofu, lakini daktari akisema kimbia, mwache akimbie.

Kina mama wengi wana swali lingine wanaloliuliza kwa sauti ya chini: je, binti yangu ataweza kubeba mimba? Kwa msichana aliyekuwa na skoliosi ya kawaida ya ujanani, kwa kawaida ndiyo. Akifika wakati huo aseme mapema kliniki kwamba ana vyuma mgongoni, kwa sababu sindano ya ganzi ya mgongoni inaweza kuwa ngumu kuidunga.

Jambo moja la kutenganisha. Kama mtoto wako alipinda mgongo kwa sababu ya mtindio wa ubongo, ugonjwa wa misuli, au kifua kikuu cha mifupa, ratiba tuliyoitaja siyo yake. Mazoezi yake hupangwa kivingine, na kwa kifua kikuu dawa lazima zimalizwe. Muulize daktari wake.

Chakula tusikikawilie: maziwa, mayai, maharagwe, ndengu, omena, mboga za majani, na jua la asubuhi anapotembea. Dawa za maumivu mpe zilizoandikwa tu. Usimwongezee za dukani, hasa za aina ya ibuprofen, kabla ya kuuliza.

Kabla hatujaagana, chukua kalamu uandike haya. Mrudishe mtoto hospitalini bila kungoja siku ya kliniki ukiona kidonda kinatoa majimaji au usaha, kimekuwa chekundu au kimefumuka; homa; maumivu mapya makali, hasa baada ya kuanguka au baada ya kusikia kitu kikilia mgongoni; bega au nyonga kuanza kupanda tena; mguu mmoja kuvimba na kuuma. Ganzi kidogo pembeni ya kovu ni kawaida na inaweza kukaa miezi. Lakini ganzi au udhaifu mpya miguuni, mkojo au choo kumtoka bila kujijua au mkojo kukataa kutoka, na kupumua kwa shida au kifua kuchoma ghafla, hayo hayangoji hata asubuhi. Tafuta gari usiku huo huo, mlaze mtoto akiwa amenyooka, na ukifika hapo hospitalini, neno la kwanza umwambie muuguzi kwamba mtoto huyu alipasuliwa mgongo na ana vyuma, na tarehe aliyopasuliwa. Karatasi zake zote ziwe kwenye mfuko mmoja, mahali ambapo hata nyanya anapajua.

Kwaheri mama, kwaheri mlezi.